Jina Ambalo Husna Hakuliandika

Atakayekuambia kwamba mimi ni mwongo, muulize kwanza kama alikuwepo. Siku ile chumbani tulikuwa tisa. Wawili wamehamia Handeni, mmoja masikio yamemchoka, na waliobaki wote wamekunywa chai yangu, kwa hiyo watasema ninavyosema mimi.

Husna ni mkamwana wangu, mke wa mwanangu Yusufu. Alizaliwa upande wa Mtae, kwa Ibrahimu mhunzi, nyumba ambayo ukisimama mlangoni unaiona tambarare yote mpaka Kenya, na siku isiyo na ukungu unawaona Wakenya wenyewe wanapuliza uji. Darasa la saba alifaulu. Jina lake lilibandikwa mlangoni kwa mtendaji, nafasi ya sekondari akapewa, lakini shule ilikuwa mbali, na baba yake akasema mtoto wa kike havuki misitu miwili kila siku. Ile karatasi ya matokeo Husna aliibandua mlangoni akaondoka nayo. Alipokuja kwangu bi harusi, ilikuwa ndani ya sanduku, chini ya vitenge, imekunjwa mara nne. Niliikuta nikitafuta sabuni. Sijui inasema nini, maana shule mimi niliiona kwa nje tu nikipita na kuni, lakini nilivyoona ilivyokunjwa nikairudisha palepale.

Kwetu, juu ya Gare, alichokikuta ni karoti. Kuziosha mtoni asubuhi, kwenye maji ambayo ukitia kidole unakitoa huku unakihesabu kama bado ni chako. Kumwagilia kabichi bondeni kwa ndoo. Kufunga matenga ya pea na plamu kwa ajili ya lori la Dar es Salaam. Lori lenyewe anaendesha Yusufu. Anakuja siku mbili, anapotea kumi. Basi Husna aliishi na sisi wazee wawili na binti yake Zuhura, na nyumba yetu ilikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote.

Jina la baba mkwe halitajwi, wala la mume. Tulizaliwa tumeikuta hivyo. Mimi nimekaa na mume wangu miaka arobaini na sita, nimemzalia saba, na sijalitia jina lake mdomoni. Namwita Baba Yusufu. Akinikasirisha namwita huyo. Hata hapa hutalisikia, usisubiri. Lakini Husna alizidi. Hakukaa benchi moja na mzee, hakumpa kitu mkono kwa mkono, na karatasi yoyote yenye jina lile, iwe ya zahanati au ya kodi, aliikunja maandishi yakae ndani kabla ya kuibeba. Wasichana wa leo nikiwaeleza wananicheka. Wacheke. Yeye hakulazimishwa na mtu. Ndivyo alivyotoka kwao, na ndivyo alivyojiheshimu.

Ikaja miaka ile ya ruhusa, kila kitu kikafunguliwa. Mitumba ikapanda mlima, redio zikawa nyingi kuliko habari, wanunuzi wa mboga wakaja na malori yao wenyewe. Vingine vikafungwa. Klara, mama wa Kilutheri wa Bumbuli, alikuwa mpiga chapa wa kiwanda cha kwao. Kiwanda kikauzwa, wenye mali wapya wakasema wapiga chapa wanatosha, naye akashuka na taipureta yake kichwani. Mwaka 2003 shirika moja la wafadhili likaleta kompyuta sita zilizokwishatumika Ulaya, likamchukua Klara awe mwalimu, likatafuta chumba. Baba Yusufu akawapa stoo yetu ya matenga, kwa kuwa ina umeme na mlango wa chuma.

Husna akaomba kusoma. Aliomba kupitia kwangu, na mimi nikaomba mara tatu: wakati mzee ana njaa, wakati ameshiba, na wakati anasinzia. Akajibu hiyo ya tatu.

"Mwambie mama Zuhura," akaniambia, na Husna amesimama hatua nne tu, anasikia kila neno, "asome mpaka siku ya mtihani. Akifaulu wakamfanya msaidizi wa mwalimu, sina neno. Akishindwa, Jumatatu yake awe bondeni na ndoo, na habari ya mashine isirudi tena kwangu."

"Amesikia," nikasema.

"Na asiniletee lawama."

"Hilo nalo amesikia."

Fomu ya kujiunga akaijaza mzee mwenyewe, kwa mwandiko wake ule wa kujivuna. Palipoulizwa jina la ukoo, akaandika lake.

Wanafunzi walikuwa watano, wanawake watupu. Siku mashine zilipowashwa nilikuwepo, nilipeleka chai. Kwenye kioo akatokea ndege mnene, mgongo mweusi, tumbo jeupe, amekaa kitako kama mzee aliyemaliza futari. Baba Yusufu akamtazama sana akauliza huyo analiwa au anafugwa. Klara akasema ndiyo alama ya Linux, maana mashine hizi hazina Windows, ile ambayo watu wameizoea mjini Lushoto. Linux ni ya bure, shirika ndilo lililotaka. Klara mwenyewe alikuwa ameiona kwa siku saba tu. Fundi alikuja, akamwonyesha, akamwachia kijitabu, akarudi zake Tanga.

Basi wale waliokuwa wamesoma mjini ndio walioteseka. Glory, binti wa jirani yetu, alikuwa amesoma Windows miezi mitatu. Vidole vyake vilishajifunza njia. Alikwenda kushoto chini kutafuta mahali pa kuanzia, akakuta gurudumu lenye meno. Alibofya mara mbili kama alivyofundishwa, na mashine hii inatosheka na mara moja, kwa hiyo kila alichofungua kilifunguka mara mbili. Akaandika barua nzima, akagusa mahali, barua ikapotea. Akaanza kulia. Klara akapekua kijitabu, hakuona.

Husna ndiye aliyeona. Yeye hakuwa na cha kusahau. Chini ya kioo palikuwa na vijumba vinne vidogo; akabofya cha pili, barua ya Glory ikarudi.

"Ni nyumba ya vyumba vinne," akasema. "Ulikuwa sebuleni, umejikuta jikoni. Mgeni hajaondoka, yuko alipokaa."

Kuanzia siku ile Klara akawa anawaambia wengine, muulizeni Husna. Ndipo jina lake likapelekwa shirikani: huyu ndiye msaidizi ninayemtaka. Wakajibu vizuri, lakini afaulu mtihani kwanza.

Sasa sikiliza palipofichwa jambo. Mashine za Linux zilivyowekwa pale, haziruhusu mtu kuingia hivihivi. Mashine inakusimamisha mlangoni. Inataka jina lako, halafu inataka neno la siri. Majina fundi aliyatoa kwenye zile fomu, jina la ukoo. Kwa hiyo kila asubuhi mashine ilimtaka Husna aandike jina la baba mkwe wake, herufi kwa herufi, kwa vidole vyake.

Hakuliandika hata siku moja. Wiki tano nzima Glory, aliyekaa kiti cha pili, alikuwa ananyoosha mkono, anamwandikia, tap tap tap, halafu Husna anaandika neno lake la siri mwenyewe. Klara hakujua. Mzee hakujua. Mimi mwenyewe, ambaye kuku wa jirani hatagi bila mimi kuambiwa, sikujua.

Nilijua asubuhi ya mtihani, mtoni. Tulikuwa tunaosha karoti za lori la mchana, na nikaona anaosha karoti moja tu. Aliisugua mpaka ikabaki kama sindano.

"Hiyo imeshaiva," nikamwambia.

Akaiweka chini. "Mama, leo tutakaa mbalimbali. Mkaguzi ameandika kwenye barua. Kila mtu meza yake, asiguswe, asisaidiwe, na aseme kwa sauti kila anachokiandika."

"Si unajua vyote?"

"Najua vyote. Mlangoni ndiyo sipiti."

Akanieleza. Nikakaa juu ya jiwe. Maji yalikuwa yanapita na karoti mbili zetu zinakwenda nayo, na hakuna aliyezifuata.

"Na mzee atakuwepo," akasema. "Wamemwalika, ndiye mwenye chumba."

"Mwambie Klara."

"Nikimwambia Klara atamwambia mkaguzi, mkaguzi atamwuliza mzee. Mzee atasema si nilisema asiniletee lawama. Hilo jina ameliandika yeye kwa mkono wake, mama. Nitasemaje kwamba jina lake ni kizuizi?"

"Basi liandike mara moja, ufumbe macho."

Akaniangalia. Miaka tisa nimekaa naye, hakuwahi kuniangalia vile. "Mama umewahi?"

Jibu analo.

"Nitakaa pale," akasema. "Muda ukiisha nitatoka. Jumatatu nitakuwa bondeni."

Alisema polepole, kama mtu aliyeshayaona mabonde yote na ndoo zote. Nikaikumbuka ile karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwanamke akinyimwa mlango mara moja anaweza kusema ni baba yake. Mara ya pili atasema nini.

Saa nne kamili mkaguzi akafika na pikipiki. Jina lake Tobia, mtu wa Korogwe, mwembamba, kalamu tatu mfukoni na saa kubwa ya mkononi. Akamwinamia mzee.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu."

"Ahsante. Sheria zangu ni chache. Dakika arobaini. Kila mmoja anaingia kwenye mashine mwenyewe, anaandika barua ya kuomba kazi, anaihifadhi, anaitoa kwenye karatasi. Anasema kwa sauti anachofanya. Asiyeingia mwenyewe hajajifunza, hata kama barua yake ni ya waziri. Na hakuna mtu wa nje kuingia."

Hiyo ya mwisho alisema ananitazama mimi na birika langu. Nikasema sawa mwanangu, nikasimama mlangoni, mguu mmoja ndani. Mguu mmoja si mtu.

Mzee akakaa kwenye kiti cha heshima, mbele, fimbo katikati ya magoti. Husna akapewa meza ya ukutani, kulia kwake, si hatua tatu. Akageuza bega ili asimkabili. Glory akapelekwa kona ya mbali. Tobia akabonyeza saa yake.

Wakaanza. "Naandika jina langu," akasema Glory, na akalitaja. "Naandika neno langu la siri, silisemi." Akaingia. Wa pili akaingia. Wa tatu akakosea, mashine ikamfukuza, akajaribu tena, akaingia. Wa nne naye. Chumba kikawa kinanung'unika kama mzinga.

Husna mikono iko mapajani.

Dakika tano. Tobia akapita nyuma yake, akasimama, akaendelea. Dakika nane. Klara akamtazama Husna kwa macho ya kumsukuma, halafu akatazama kijitabu, kana kwamba tatizo liko ukurasa fulani. Kwenye kioo cha Husna palikuwa na kisanduku kimoja cheupe na kijiti kinawaka na kuzimika, kinawaka na kuzimika. Baridi ya siku ile ilikuwa kali, naapa mvuke wa birika langu ulitoka ukakunjamana ukarudi ndani, lakini mkamwana wangu alikuwa na jasho kwenye mdomo wa juu.

"Dada," akasema Tobia, "umesahau jina lako?"

"Hapana."

"Basi liandike."

Husna akakitazama kile kijiti.

"Kuna ubovu kwenye mashine?"

"Hapana. Mashine ni nzima."

Mzee akagonga fimbo sakafuni mara moja. Nilikuwa naijua ile fimbo. Ilikuwa imeshafika Jumatatu.

Dakika kumi na nne. Wenzake wameshaandika anuani na salamu. Nikamwona Husna anainua mkono wa kulia. Ukasimama juu ya vitufe, kidole kimenyooka. Ukarudi mapajani.

Hapo ndipo mguu wangu wa pili ulipoingia.

Nataka uelewe kwanza jambo moja. Herufi sizijui. Lakini tangu malori ya watu binafsi yaanze kupanda, kila tenga lazima lipakwe alama ya mwenyewe, la sivyo pea zako zinauzwa Kariakoo kwa jina la mtu mwingine. Alama ya matenga yetu ni jina la mzee. Yeye alilichora mara ya kwanza kwa mkaa ubaoni, akanipa brashi na kopo la rangi, akasema fuatisha. Nikafuatisha. Nimepaka matenga mengi kiasi kwamba ukiyapanga moja juu ya jingine utachuma nyota. Hakuna aliyeniambia hii inaitwaje na ile inasemaje. Najua kwamba inaanza nyoka, inafuata ngazi, na kadhalika mpaka mwisho. Mikono yangu inajua.

Nikaweka birika mezani kwa Husna. Nikainama. Nikamtafuta nyoka kwenye vile vitufe. Nikamwona kushoto, katikati. Nikambonyeza. Kwenye kioo akatokea nyoka mdogo, mtoto wake. Nikatafuta ngazi, nikaibonyeza, kikatokea kitu kama kiti. Nikafikiri nimeharibu, lakini brashi ikishaanza tenga haiachii katikati. Nikaendelea, kimoja kimoja, kwa kidole hiki cha kati chenye alama ya mundu.

"Bibi," akasema Tobia nyuma yangu. "Unafanya nini?"

"Napaka tenga."

"Toka hapo."

"Bado mbili."

Nikamaliza zile mbili. Husna alikuwa amefunga macho.

Tobia akanishika bega, si kwa ubaya. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Nimesema asiguswe. Umemwingizia jina. Hapa sina la kufanya, bibi, huyu amefeli."

"Jina si siri," nikasema. "Liko kwenye kila tenga kutoka hapa mpaka Dar. Siri ni lile neno lake, na hilo silijui."

"Sheria ni aandike mwenyewe. Kwa nini hakuandika?"

Wale wanne waliacha kuandika. Klara akaweka mkono mdomoni. Nikaona ameelewa sasa hivi, wiki zote tano kwa mpigo. Mzee alikuwa ameinua kichwa.

"Mwanangu," nikamwambia Tobia, "umeoa?"

"Nimeoa."

"Mama mkwe wako yupo?"

"Yupo. Magoma."

"Anaitwa nani?"

Akafungua mdomo. Akaufunga. Akatazama saa yake, akatazama kalamu zake, akamtazama Husna, halafu taratibu, kama mtu anayegeuza mzigo, akamtazama mzee.

Baba Yusufu akasimama. Alikuja mpaka kwenye meza ile, na Husna akateremka kitini akasogea ukutani, uso pembeni. Mzee akainama, akasoma kioo. Alisoma muda mrefu, na jina si refu hivyo.

"Nani aliweka hili humu?" akauliza.

"Limetoka kwenye fomu, mzee," akasema Klara. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Uliijaza mwenyewe."

Fimbo haikugonga. Nilikuwa nasubiri igonge. Nilishajipanga nitakachosema, uongo mzuri wenye miguu minne, na wote niliumeza.

"Wiki zote hizi," akasema mzee, hakusema kwa nani, "alikuwa anaingiaje?"

"Nilikuwa namwandikia mimi, babu," akasema Glory kutoka konani. "Yeye hajaligusa hata mara moja."

Nje lori lilikuwa linabadilisha gea kwenye kona ya Soni, nikalisikia lote mpaka likamaliza kupanda. Halafu mzee akamgeukia Tobia.

"Litoe."

"Mzee?"

"Jina langu. Litoe kwenye mashine, umwekee lake. Au haiwezekani?"

"Inawezekana," akasema Tobia. "Ninalo neno la siri la fundi mkuu. Ila saa siwezi kuisimamisha. Nimeandika muda wa kuanza mbele ya mashahidi. Zimebaki dakika ishirini na mbili, na hiyo kazi itakula tano."

"Mwulize mama Zuhura kama zinamtosha."

Kwa mara ya kwanza aliyeulizwa hakuwa mimi. Tobia akamgeukia Husna. "Zinakutosha?"

"Nitajua zikiisha," akasema Husna.

Tobia akakaa. Akafungua dirisha jeusi lisilo na picha wala ndege, akaandika mistari ya haraka. "Nikuwekee jina gani?"

"Mama Zuhura."

"Itaandikwa pamoja, herufi ndogo, bila nafasi. Neno lako la siri libaki lilelile."

"Sawa."

Mzee hakurudi kwenye kiti chake cha heshima. Alikwenda akasimama mlangoni, mgongo kwetu, anatazama kabichi. Zikabaki kumi na sita.

Husna akakaa. Akasogeza kiti. "Naandika jina langu. Mamazuhura." Vidole vikaenda bila kusita. "Naandika neno langu la siri, silisemi." Nyota za kuficha neno zikajipanga. Kioo kikawa cheusi kwa muda ambao mtu angeweza kuoa na kuacha, halafu kikafunguka.

Aliandika kama anayekimbizwa. Anuani. Tarehe. Ninaomba kazi ya msaidizi wa mwalimu. Nina elimu ya msingi, nilifaulu mwaka elfu moja mia tisa tisini na moja. Alipofika hapo alisimama kidogo, akaendelea. Zikabaki dakika tisa. Zikabaki saba. Akasema, "Naihifadhi," na kiwiko chake kikagonga lile birika langu, mkono ukateleza na kipanya, na barua ikatoweka yote. Kikabaki kioo cha bluu kitupu.

Klara akatoa sauti kama aliyechomwa. Mimi nililaani lile birika kwa ukoo wake wote, na kulihamisha siwezi maana nimekatazwa kugusa.

Husna akakitazama kile kioo. "Barua haijapotea," akasema kwa sauti, kwa kuwa sheria ilitaka aseme. "Nimehama chumba. Niko cha tatu. Narudi cha kwanza." Akabofya kijumba. Barua ikarudi, neno la mwisho likiwa vilevile. "Naihifadhi." Akaihifadhi. "Naitoa kwenye karatasi."

Ile mashine ya kutoa karatasi ikakohoa. Ikanyamaza. Ikakohoa tena, ikavuta karatasi kwa kishindo, na barua ikaanza kutoka, mstari kwa mstari, polepole kama konokono wa mvua za kifuku. Tobia alikuwa ameishika saa yake usawa wa macho. Karatasi ikadondoka.

"Zimebaki sekunde kumi na moja," akasema.

Akaisoma. Akaikunja, akaikunjua. "Barua ni nzuri. Sheria bado haijatimia, maana lile jina la mwanzo liliandikwa na huyu bibi."

"Hilo jina halipo tena," akasema Klara.

"Najua. Dada, toka kwenye mashine. Toka kabisa, mpaka mlangoni kwake. Halafu uingie, peke yako, bila mtu karibu. Bibi, chukua birika lako."

Nikalichukua. Husna akatoka, akaingia, akilisema jina lake kwa sauti ambayo hata aliyesimama mlangoni akitazama kabichi aliisikia. Tobia akatoa kalamu ya kati, akaandika kitu kwenye daftari, akapiga mstari chini yake.

"Amefaulu," akasema. Halafu akaniomba chai, nami nikampa iliyopoa, kwa makusudi.

Jumatatu ndoo zilikwenda bondeni na mimi. Husna alifunga kitambaa chake cheupe akaenda stoo. Amefundisha pale miaka mingi, na baadaye Soni, na kila mgeni anayekaa mbele ya ule mlango wa mashine anaulizwa kwanza kabla hajagusa kitufe: jina gani unaweza kuliandika bila kumkosea mtu? Watu wa mjini wanacheka. Mama mmoja wa Lukozi alilia.

Na mzee, unauliza. Jioni ile alikula makande yake mpaka mwisho. Nikafikiri imepita. Kesho yake nilikuwa uani na brashi, matenga ya plamu mbele yangu, akaja akasimama nyuma yangu.

"Wewe hujui kusoma," akasema.

"Sijui."

"Jana uliandika jina langu mbele ya watu."

"Sikuandika jina la mtu. Nilipaka tenga."

Akasimama pale akitazama brashi inavyokwenda, nyoka, ngazi, na zinazofuata. Nilijua anatafuta kosa, na kosa halikuwepo. Mwisho akavuta tenga jingine kwa mguu, akaliweka mbele yangu.

"Huyo nyoka wako," akasema, "mnenepeshe kidogo."